Jina la bibi aliyekombolewa tulitafute wapi?

Swali limetoka kwa mwalimu mstaafu anayeishi Uyole, Mbeya. Anaeleza kwamba mama mzazi wa babu yake alizikwa Rungwe kwa jina la Tupokigwe, lakini wazee wa ukoo walikuwa wakimtaja pia kwa jina la Zawadi. Inasemekana alitoka “ng’ambo ya Songwe”, alitekwa akiwa mtoto, akakombolewa kwa vitambaa, kisha akalelewa misheni. Ukoo unataka kulijengea kaburi lake. Mwalimu anauliza: jina lake halisi lilikuwa lipi, kwao ni wapi, na kumbukumbu za watu waliokombolewa utumwani zinapatikana wapi? Anaongeza kwamba baba yake mdogo hapendi habari hizo zichimbuliwe.

Mwalimu, shikamoo.

Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja, kwa sababu ndani yake kuna mambo mengi kuliko unavyodhani. Umesema familia haijui chochote, lakini umenitajia majina mawili, mto mmoja, namna ya kukombolewa na mahali pa kulelewa. Nimefanya kazi ya kutafuta habari za watu wa namna hii katika nyanda za juu kusini kwa miaka mingi, na mara nyingi nilianza na kidogo kuliko hicho.

Niseme kwanza jambo ambalo litaongoza yote yanayofuata. Ukianza kwa kutafuta jina halisi, utachoka upesi. Mtoto aliyetekwa alipewa jina jipya karibu kila alipohamia kwenye mikono mipya: jina la kwao, jina la aliyemnunua, jina la mume, jina la ubatizo. Kwa hiyo kila jina ni alama ya mtu aliyemshika kwa wakati fulani. Tafuta mikono iliyomshika bibi yenu, mmoja baada ya mwingine kwa kurudi nyuma, na majina yatajitokeza humo. Mtu akiyatafuta majina peke yake huishia kumpata Zawadi mwingine kabisa.

Tuyatazame hayo mawili uliyonayo. Zawadi ni Kiswahili, wakati mtoto aliyezaliwa ng’ambo ya Songwe miaka ya 1880 kwa kawaida hakuitwa na mama yake kwa Kiswahili. Watu wa misafara ya pwani walikuwa na kawaida ya kuwapa mateka majina ya siku, ya vito, ya manukato na ya heri: Juma, Feruzi, Almasi, Marjani, Zafarani, Bahati, Baraka, Mabruki. Zawadi linakaa vizuri katika kundi hilo. Linaashiria, ingawa halithibitishi, kwamba alipita mikononi mwa wafanyabiashara wa pwani au watu wao kabla ya kufika Rungwe. Tupokigwe, kwa Kinyakyusa, ni kusema “tumeokolewa”, na hapo ndipo ninapokuomba uwe na tahadhari. Ni jina linalomfaa sana mtu aliyekombolewa, lakini ni jina la Kikristo la kawaida pia, na wako wengi walioitwa hivyo ambao ukoo wao haukuguswa na utumwa. Lichukue kama jina la mkono wa kanisa, usilifanye ushahidi wa zaidi ya hapo.

Ili uone kwamba jambo hili si dhana yangu, mfikirie mwanamke mmoja aliyepitia ukanda huohuo ulio kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika. Habari za maisha yake ziliandikwa na Elise Kootz-Kretschmer, mmisionari wa Moravian aliyefanya kazi Utengule katika nchi ya Wasafwa. Simulizi yake imetufikia kwa majina matatu yaliyofuatana: Chisi-Ndjurisiye-Sichyajunga. Mtu ni mmoja. Mmisionari huyohuyo aliandika pia habari za Narwimba, ambaye baada ya kufiwa na mumewe alimwomba mtu wa ukoo wa mume amwoe, ili apate wa kumlinda. Ukizisoma simulizi hizo, unaona kwamba mwanamke wa wakati ule asiye na wa kumsemea alikuwa ametekwa nusu tayari, hata kabla ya watekaji kufika, na ndiyo maana ninasema tufuate mikono.

Simulizi kama hizo zilihifadhiwa kwa sababu. Wamoravian wana desturi ya tangu karne ya 18: muumini huandika habari za maisha yake, au huzisimulia ziandikwe, nazo husomwa siku ya mazishi yake. Kwa kuwa bibi yenu alizikwa Rungwe, kwenye kituo cha kanisa hilo, swali langu la kwanza kwako ni hili: siku ya mazishi yake, je, habari zake zilisomwa, na nani alizisoma? Karatasi ile mara nyingi hubaki kwa mtoto wa kwanza au kwa mzee wa kanisa. Nimewahi kuiona ya namna hiyo Iringa, imekunjwa mara nne ndani ya Biblia, na mikunjo imeshakuwa matundu. Mkiipata, msiibandike plastiki wala msiinyooshe kwa pasi. Ipigeni picha pande zote mbili mchana, karibu na dirisha, kisha muilaze ndani ya bahasha kavu.

Sasa mto. “Ng’ambo ya Songwe” ni maneno yanayopoteza watu wengi, kwa sababu mito yenye jina hilo ni miwili. Mmoja unashuka kusini na kuingia Ziwa Nyasa, nao ndio mpaka wetu na Malawi. Mwingine unapita magharibi ya Mbeya na kwenda kaskazini hadi Ziwa Rukwa. Kama wazee walimaanisha ule wa Nyasa, basi bibi alitoka upande wa Karonga, Misuku au mbele zaidi. Kama walimaanisha ule wa Rukwa, basi tunazungumzia Unyiha na Unyamwanga, na nyuma yake nchi ya Wabemba, ambao mashambulizi yao yaliwasambaza watu wengi mno. Mzee aliyekua Rungwe au Kyela huenda alikuwa na mto wa kusini mawazoni, lakini muulizeni kila mzee peke yake: ukisimama kwenye mto huo, maji yanakwenda wapi?

Kama ni mto wa kusini, jina la Zawadi linapata maana zaidi. Mfanyabiashara Mlozi, mtu wa misafara ya pwani, alikuwa amejijengea ngome karibu na Karonga, na kuanzia 1887 alipigana na kampuni ya Waskoti iliyokuwa ikifanya biashara ziwani. Mtandao wake uliendelea hadi Desemba 1895, Waingereza walipoivunja ngome yake na yeye akanyongwa. Katika miaka hiyo watoto walivushwa mto kwenda na kurudi, wakauzwa kwa nguo za merikani na kaniki, na baadhi yao wakaishia kwa watawala wadogo wa upande wetu, si pwani. Neno la ukoo wenu kwamba alikombolewa “kwa vitambaa” linalingana na wakati huo, kwa kuwa nguo ndiyo iliyokuwa fedha ya njia zile.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu sehemu yenye ushahidi mwingi kuliko maktaba zote ni sebuleni kwenu. Usiwaulize wazee, “Je, bibi alikuwa mtumwa?” Swali hilo linafunga mdomo wa mtu yeyote. Uliza badala yake: ng’ombe wa mahari yake walipokelewa na nani? Msichana mwenye kwao hupokelewa mahari na baba au kaka. Ikiwa ng’ombe walipokelewa na mzee wa kanisa, au na mtu aliyemlea, au hawakutolewa kabisa, umeshaupata mkono mmoja, na yule aliyepokea ana jina na ukoo unaoweza kufuatiliwa.

Swali la pili ni la wajomba. Babu yako alikuwa na wajomba? Alipougua, nani alikuja kutoka upande wa mama yake. Alipooa, nani alisimama upande huo. Na alipokufa, nani alilia kama mjomba? Nilikaa jioni moja na mzee wa Kilolo aliyenieleza kwa ufasaha habari za babu wa babu yake, na nilipomuuliza wajomba wa baba yake ni akina nani alinyamaza muda mrefu, kisha akasema: “Sisi tulikuwa na upande mmoja tu.” Sikumwuliza zaidi siku hiyo. Watoto wa mwanamke aliyetekwa walihesabiwa kwa baba peke yake, kwa kuwa upande wa mama ulikuwa umekatwa, na ukimya huo juu ya wajomba ni ushahidi unaostahili kuandikwa pamoja na tarehe na jina la aliyekaa kimya. Wakati mwingine kuna mjomba wa kupanga, mtu aliyetekwa pamoja naye au aliyelelewa naye misheni, wakaitana ndugu. Huyo mtafuteni sana. Wajukuu wake wanaweza kujua kijiji ambacho nyinyi mmekisahau.

Ulizeni pia nyimbo alizobembelezea watoto, jinsi alivyohesabu, na chakula alichokataa kula. Maneno matano ya Kinyiha, Kilambya au Kibemba yaliyobaki katika wimbo wa kubembeleza yanaweza kuamua kuhusu mito ile miwili kuliko hati yoyote. Rekodini kwa simu, bila kusahihisha matamshi.

Kuhusu umri, wazee wetu hawakutaja mwaka, walitaja tukio. Sotoka iliyomaliza ng’ombe ilipita miaka ya mwanzo ya 1890. Vita vya Maji Maji vilikuwa 1905 hadi 1907, vita vya Wajerumani na Waingereza 1914 hadi 1918, na homa kuu ya mafua ikafuata mara. Kama alikuja “kabla ya sotoka”, au kama alikuwa na mtoto mgongoni wakati fulani, tutaweza kukadiria alizaliwa lini bila kosa kubwa.

Baada ya nyumbani ni Rungwe. Misheni ile ilianzishwa na Wamoravian mwaka 1891, na wamisionari wa Berlin walifika Konde, yaani nchi ya Wanyakyusa, mwaka huohuo. Maofisa wa Kijerumani walipokamata misafara au kuamua mashauri, watoto wasio na wa kuwapokea mara nyingi walikabidhiwa misheni, na mkono huo uliacha maandishi. Omba ruhusa ya kuona vitabu vya ubatizo, ndoa na vifo. Ukifunguliwa kitabu cha zamani, usikimbilie safu ya jina la ubatizo. Tazama safu ya jina la awali, safu ya wazazi, na pembeni kabisa ambapo mwandishi aliongeza neno dogo kwa wino mwingine. Katika kitabu kimoja nilichokisoma, ukurasa mzima ulikuwa na majina ya baba na mama, isipokuwa mistari minne iliyofuatana ambayo ilikuwa na vistari vitupu, na wote wanne walibatizwa siku moja. Wanne hao waliletwa pamoja. Ukimkuta Tupokigwe mwenye kistari mahali pa baba, soma walio juu yake na chini yake kabla ya kufunga kitabu.

Ujue pia kwamba Wajerumani waliandika kwa sikio lao. Herufi s mbele ya irabu waliitamka kama z yetu, hivyo Zawadi anaweza kuwa Sawadi. Sauti ya ch iliandikwa tsch, ya sh iliandikwa sch, na y mara nyingi iliandikwa j. Mwandiko wenyewe ni wa zamani, ambao hata Wajerumani wa leo wengi hawausomi bila kujifunza. Piga picha ukiruhusiwa, umpelekee anayeusoma, usikisie. Majina ya makabila nayo yamebadilika: Wanyakyusa waliandikwa Konde, Wasangu waliitwa Warori katika maandishi ya wasafiri, Wanyiha wakaandikwa Wanyika, na Wabemba wakawa Awemba. Ukikutana na “Mnyasa”, usidhani ni kabila. Waliitwa hivyo watu wengi waliotoka pande zote za ziwa.

Mkono mwingine ni wa serikali. Chini ya Wajerumani utumwa haukufutwa kwa tamko moja. Amri ya 1901 ilimruhusu mtumwa kujikomboa kwa malipo, na amri ya Desemba 1904 ikaweka kwamba watoto watakaozaliwa na watumwa baada ya tarehe 31 Desemba 1905 watakuwa huru. Utumwa wenyewe ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922, chini ya Waingereza. Katikati ya hapo makumi ya maelfu ya watu walipewa barua ya huru, ambayo kwa Kijerumani huitwa Freibrief: waliojikomboa, waliokombolewa na wengine, walioachwa na mabwana zao, na waliokombolewa kwa uamuzi wa ofisa. Bibi yenu, kama alikombolewa akiwa mtoto miaka ya 1890, yumkini yumo katika kundi la pili au la mwisho, au hakupewa karatasi kabisa. Hata hivyo tazameni katika sanduku la bati la ukoo, kwa kuwa watu waliitunza barua hiyo kama roho yao.

Ukienda kutafuta hati za serikali, usitafute Mbeya. Mji wa Mbeya ulikua miaka ya 1920, na Wajerumani hawakuwa na wilaya ya jina hilo. Tafuta Langenburg, kituo kilichoanzishwa ufukweni mwa Ziwa Nyasa mwaka 1893, na baadaye Neu-Langenburg, ambayo ndiyo Tukuyu. Kwa ndugu zetu wa Iringa, boma lao ni Neu-Iringa. Mafaili ya utawala yaliyobaki nchini yako Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, na yale ya wizara ya makoloni yako katika Nyaraka za Shirikisho la Ujerumani, Berlin. Mengi yalipotea au kuharibika wakati wa vita, hivyo usivunjike moyo ukikuta pengo.

Barua na taarifa za wamisionari wa Rungwe zilipelekwa Herrnhut, Ujerumani, ambako nyaraka za Wamoravian zinatunzwa hadi leo, na hapo wana uzoefu wa kujibu barua za wajukuu. Andika kwa ufupi: majina yote mawili, kituo, makadirio ya mwaka wa ubatizo, na swali moja tu. Kumbuka pia kwamba mwaka 1916 wamisionari wa Kijerumani waliondolewa na Waskoti wa misheni ya Livingstonia, Malawi, wakashika vituo kwa miaka kadhaa. Kama ndoa yake au ubatizo wa babu yako uliangukia miaka hiyo, huenda kumbukumbu ziko Malawi, au Edinburgh.

Wengi hunishauri niwaelekeze watu Zanzibar, ambako baada ya amri ya Aprili 1897 mtumwa aliyeomba uhuru wake aliandikwa mahakamani na bwana wake akalipwa fidia. Ni kumbukumbu bora sana, lakini si za bibi yenu, ambaye hakuiona bahari. Zinaweza kuwa za kaka yake au dada yake waliouzwa mbele zaidi, ila bila jina la kwao hamtawatambua kati ya Wanyasa wote waliomo. Hilo liache hadi mwisho. Vipimo vya DNA navyo vinaweza kuwaonyesha ndugu wa mbali ikiwa nao wamepima, lakini havitoi jina wala kijiji, na watu wa kwetu waliopima bado ni wachache.

Limebaki suala la baba yako mdogo. Nakuomba usimzunguke. Ana sababu. Katika vikao vya ukoo maneno “mjukuu wa mateka” yamewahi kutumiwa kumnyima mtu shamba, kumzuia kusema mbele ya watu, na kuvunja posa. Yawezekana aliyasikia yakisemwa kwa baba yake mwenyewe. Nenda kwake kabla ya kwenda Rungwe, umwambie unachotafuta na kwa nini, na umpe nafasi ya kusema ni lipi liandikwe na lipi libaki ndani ya nyumba. Mimi naamini bibi yenu hana aibu yoyote; aibu ni ya waliomteka na waliompimia nguo. Lakini imani yangu haimlazimishi yeye, na bila yeye mtakosa vilevile mambo ambayo pengine ni yeye peke yake anayeyajua. Mwulize habari za ng’ombe wa mahari. Huenda ndiye aliyesimuliwa.

Kuhusu kaburi, msisubiri utafiti ukamilike. Andikeni Tupokigwe, kwa kuwa ndilo jina alilozikwa nalo, na chini yake “aliyeitwa pia Zawadi”, ikiwa baba yako mdogo ataridhia. Msiandike mwaka wa kuzaliwa msioujua, wala msiweke jina la ukoo wa mume kana kwamba ndilo la baba yake. Na mwambieni fundi, juu ya majina hayo mawili, aache nafasi ya mstari mmoja.